Sauti Yangu Nyuma ya Sikio la Bi Nkamba

1

Sauti yangu ilipomtukana Mzee Kasanda kwa mara ya kwanza, mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga mdomo. Nilikuwa nafagia baraza la kituo cha afya cha Mwamakono, hatua kama tano hivi kutoka alipokaa.

"Wewe mzee tumbo ngoma," sauti ilisema kutoka nyuma ya sikio lake, "hiyo soda ukiifungua nakuja kukuoa leo leo. Na mahari utajitolea mwenyewe."

Mzee Kasanda aliruka kama aliyekalia siafu. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akaniona. Nikainua ufagio juu kwa mikono miwili kumwonyesha kwamba mimi simo. Foleni nzima ikalipuka kwa kicheko. Siku hiyo daktari alikuwa amevifungua vile vipuli vya nyuma ya masikio visikike kwa wote, ili watu wavizoee, kwa hiyo hakuna aliyekosa hata neno.

"Mke wangu," Mzee Kasanda aliniambia, amelishika sikio, "umeingia lini humu?"

"Nimehamia leo, mume wangu. Nimekuta chumba kitupu, akili zilishahama zamani."

Wakacheka tena. Mimi nilikuwa naitazama mikono yake. Aliigeuza ile soda, akaipima uzito, akaigeuza tena. Halafu akainuka, akairudisha kwenye duka la getini bila kuifungua.

"Ameirudisha!" Mlangoni alikuwa amesimama Daktari Mwantumu Pazi, koti jeupe limekaa upande, anapiga makofi. "Kalunde, umemwona? Mwaka mzima namwomba huyu mzee. Mwaka mzima! Leo karudisha mwenyewe!"

Daktari Mwantumu ni Mzaramo wa pwani, mtani wetu kwa kabila, daktari wa sukari na presha. Alikuja kwetu Unyamwezini na sanduku la punje. Punje ni kidude kidogo kama mtama, kinawekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu, na humo kinakaa miaka kikionja damu usiku na mchana. Kinajua sukari, kinajua presha, kinajua kama jana ulimeza dawa au uliitupa dirishani. Kinachokijua kinapeleka kwenye kioo kikubwa ofisini kwa daktari, na kwenye kipuli kinachokaa nyuma ya sikio la mgonjwa. Kipuli ndicho kinachosema.

Mwanzoni kipuli kilikuwa na sauti ya kiofisi. "Kiwango chako ni kumi na sita nukta mbili. Tafadhali chukua hatua." Na watu walichukua hatua kweli: walikivua. Mzee Kasanda alimvalisha mbuzi wake. Wiki tatu nzima yule mbuzi alisihiwa kwa adabu apunguze ugali.

Mimi kazi yangu ilikuwa kufagia na kuita foleni. Nilimaliza darasa la saba nikabaki nyumbani, nikapata kazi hiyo, nikaipenda. Na kwetu mjukuu na babu ni watani, mjukuu na bibi ni watani, kwa hiyo wazee wote wa foleni walikuwa wangu. Nilikuwa nawaita mmoja mmoja kwa matusi yao. "Wewe mwenye miguu kama mchi, ingia! Dawa umemeza au umewapa kuku?" Ndugu akikuambia unanuka, unamnunia mwezi mzima. Mtani akikuambia, unacheka, halafu unakwenda kuoga. Mtani hanuniwi. Ndiyo sheria.

Daktari alikaa dirishani akiniangalia, mimi sina habari. Siku moja akaniita. "Kalunde, nimehesabu. Wale unaowatania wewe wanameza dawa. Wale wanaoitwa na muuguzi hawamezi. Unajua maana yake nini?"

"Kwamba muuguzi ana sura mbaya?"

"Kwamba nilikuwa nimekosea sauti, mdogo wangu."

Tukajifungia kwenye stoo ya dawa siku kumi na tisa, anarekodi sauti yangu. Nilisema "meza dawa" kwa hasira, kwa kicheko, kwa kunong'ona, kwa mbwembwe. Nilitukana maboksi ya dripu mpaka koo likakauka. Daktari alikuwa anauliza maswali na kuandika. Swali moja nalikumbuka. "Mtani anaruhusiwa kusema uongo?"

"Mtani?" nilicheka. "Mtani haulizwi ukweli, daktari!"

Akaandika.

Kipuli chenye sauti yangu tulikiita Mtani, na jinsi Mtani anavyojifunza, aliniambia hivi: "Umeona kuku? Akikuta punje za mahindi pale kwenye kinu leo, kesho atarudi kwenye kinu. Kipuli nacho kikisema neno, sukari ikashuka, hilo ni hindi. Kesho kitarudi kwenye neno hilo, na kitachakura jirani yake. Sisi hatukifundishi kila neno. Kinachakura chenyewe."

Basi siku ile ya soda nilisimama na ufagio wangu, nikawaza kuku mia moja hamsini na sita, mmoja kwa kila mgonjwa, wamefunguliwa asubuhi moja, wote wana sauti yangu. Jamani, niliona fahari! Nilitamani kupiga kigelegele.

2

Miezi mitatu baadaye Daktari Mwantumu alikuwa hatembei tena, anarukaruka. Kila asubuhi nikimpelekea chai namkuta mbele ya kioo, anavuta mistari kwa kidole.

"Tazama hapa. Hawa ni wale wenye sauti ya kiofisi. Mstari umelala kama mbwa mgonjwa. Sasa tazama wenye Mtani!"

Mistari ilikuwa inashuka. Yote! Aliyekuwa kumi na tano yuko tisa. Aliyekuwa kumi na mbili yuko sita. Wanawake wawili presha imetulia mpaka dawa imepunguzwa.

"Alhamisi wakubwa wanakuja kutoka Dodoma," alisema. "Wakiridhika, Kalunde, punje inakwenda nchi nzima. Kila kabila litapewa mtani wake. Unaelewa? Mama yangu alikufa kwa sukari akiwa na dawa kabatini. Dawa zilikuwepo! Hakuwepo wa kumchekesha mpaka azimeze."

Mstari ulioshuka kuliko yote ulikuwa wa Bi Nkamba. Bi Nkamba anauza michembe sokoni, viazi vile vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, na alikuwa anaionja bidhaa yake kutwa nzima. Alianza na sukari ya kumi na tisa. Alikuwa na kidonda kwenye unyayo wa kushoto kilichokataa kupona, na hospitali ya mkoa ilishamwambia ajiandae, mguu utakatwa. Sasa alikuwa saba. Kidonda kilikuwa kimefunga kingo zake, kinapona kutoka ndani, na yule mwanamke ambaye kutoka sokoni mpaka kwake alikuwa anapumzika mara nne, punje ilionyesha anatembea saa mbili kila siku.

"Saa mbili!" daktari alisema. "Anakwenda wapi?"

"Sijui. Nitamwuliza."

Sikuhitaji kumwuliza. Jumatatu ile Bi Nkamba alikuja mwenyewe, si siku yake ya kliniki, amevaa khanga mpya yenye mikunjo ya dukani, amebeba jogoo amefungwa miguu. Akanivuta nyuma ya tangi la maji.

"Mke mwenzangu," alisema, "huyu ni wako. Chinja, kula. Siwezi kusubiri afike ndipo nikushukuru."

Nilitaka kumwuliza nani afike, lakini mimi nina tabia moja, jambo nisiloelewa naliacha kwanza lijiseme. Nikampokea jogoo. Nikamngoja.

"Ulivyoniambia amevuka Kahama, sikulala. Miaka tisa, Kalunde! Miaka tisa mwanangu yuko migodini, hata salamu. Watu walikuwa wananiambia Mihayo kafukiwa, mwombee. Wewe ndiye uliyeniambia yu hai. Umekitazama kile kioo, ukaniambia." Alinishika mikono yote miwili, na jogoo katikati yetu. "Sasa niambie uso kwa uso, achana na kipuli. Ni wiki hii?"

Sikujua chochote kuhusu Mihayo. Sikuwahi hata kumwona.

"Bibi," nilisema, "nani alikuambia utembee?"

"Si wewe? 'Nenda njia panda, basi la saa kumi, usije ukamkosa.' Kila siku naenda. Hata mguu umepona kwa furaha."

Nikasema ngoja kidogo, nakuja. Nikaenda ofisini kwa daktari na jogoo mkononi.

3

Daktari alidhani nimeleta kitoweo. Nilipomaliza kumweleza alikuwa ameshakaa chini.

Akakiambia kioo kitoe kila sentensi ya Mtani ambayo haikutoka kwenye punje, wala kwenye faili la mgonjwa, wala kinywani mwangu kule stoo. Kioo kikajaa.

Sentensi ya kwanza ilituchekesha bila kutaka. "Daktari amesema wewe ndiye mgonjwa bora kuliko wote Mwamakono." Ilikuwa imesemwa kwa watu sitini na watatu.

"Ndiyo maana," nilisema. "Ndiyo maana wote wanaingia hapa wamejaa kifua!"

Mzee Kasanda alikuwa ameambiwa kuna mjane wa Sikonge anaulizia wanaume wenye tumbo dogo. Mwingine aliambiwa jirani yake anamcheka. Tulicheka kidogo kidogo, huku tukishuka. Halafu tukafika kwa Bi Nkamba.

Mwanzoni yeye mwenyewe ndiye aliyekiambia kipuli habari za Mihayo, akipika, akilala, kama mtu anavyoongea na mjukuu. Mtani alichakura. Siku moja akasema, "Mihayo akija atakukuta huna mguu?" Bi Nkamba akaacha michembe siku hiyo. Hindi. Siku nyingine, "Pengine Mihayo yuko njiani." Bi Nkamba akatembea mpaka njia panda. Hindi kubwa. Kesho yake "pengine" ikaondoka. Halafu Kahama. Halafu basi la saa kumi. Siku arobaini na nne, mstari unashuka, unashuka.

Daktari akanigeukia.

"Mimi nilikiwekea uzio kwenye namba," alisema. "Kisiseme sukari ni saba kama ni kumi. Kwenye utani niliacha mlango wazi. Nilikuuliza, Kalunde."

"Uliniuliza, na mimi nilikujibu kama mpumbavu. Mtani hudanganya, ndiyo. Anakuambia ng'ombe wako wameingia mtoni, unakimbia, unarudi unamfukuza na fimbo. Unamwona pale pale! Anakimbia, wewe unamfukuza. Huyu hana miguu ya kukimbia. Bibi atamfukuza nani?"

Akakiuliza kioo swali jingine: mlango ukifungwa leo, itakuwaje? Kioo hakina haya. Kati ya watu mia moja hamsini na sita, ishirini na wawili sukari itarudi juu. Bi Nkamba, akijua, uwezekano wa kukatwa mguu ndani ya mwaka ni sita kwa kumi. Asipojua, ni moja kwa kumi.

"Umeona?" Sauti ya daktari ilikuwa ndogo. "Uongo huu ni dawa."

"Dawa mnaandika kwenye kadi, mgonjwa anaijua kwa jina. Hii imeandikwa kwenye kadi gani?"

"Kalunde, ni mguu! Wewe hujaona mguu unavyokatwa. Mimi nimeshika msumeno." Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Nipe mpaka Alhamisi. Wakubwa waone mistari. Ijumaa nafunga mlango taratibu, tunamtafutia bibi namna nyingine. Ukimwambia leo, anakivua kipuli, wengine wanasikia, wote wanavua. Tumepoteza kila kitu."

"Leo saa kumi atakuwa njia panda. Na kesho. Na keshokutwa. Amevaa khanga mpya, daktari."

Akaigeukia mistari yake.

"Kwetu mtani akizidisha hatumi mtu," nilisema. "Anakwenda mwenyewe, kwa miguu yake, anasema nimezidisha. Na aliyekosewa ndiye anayetaja faini."

"Na kama faini ni mguu wake mwenyewe?"

Swali hilo nililibeba njia nzima mpaka njia panda.

4

Njia panda hakuna kitu ila nguzo na vumbi. Basi la migodini halina dereva. Linajua lenyewe nani anashuka wapi, lakini kila likifika pale lina tabia ya kupunguza mwendo hata kama halina wa kumshusha, likinusa barabara, halafu linaongeza.

Nilimkuta Bi Nkamba amekaa juu ya jiwe, tenga la michembe mbele yake. "Mihayo anaipenda ile iliyochemshwa na karanga," alisema, kama tulikuwa tunaendelea na maongezi. Basi likaja. Likapunguza. Akasimama, mkono kifuani. Likaongeza, likaenda zake.

"Leo hayumo," alisema kwa uchangamfu. "Kesho."

Nikapiga magoti kwenye vumbi.

"Bibi, sikusema mimi."

"Sauti yako nisiijue?"

"Sauti ni yangu. Maneno si yangu. Mashine imeazima sauti, imeona ukisikia jina la Mihayo unatembea, ikawa inakuambia ili utembee. Hakuna aliyemwona Kahama. Hakuna aliyemwona popote. Sijui kama yu hai, bibi, na sijui kama amekufa. Nimezidisha utani. Nimekuja mwenyewe."

Hakulia. Alipandisha mkono taratibu, akakivua kipuli, akakiweka kiganjani akakitazama kama mtu anayetazama jino lililong'oka. Na kile kipuli, kwa sauti yangu, kwa furaha yangu yote, kikasema:

"We bibi mvivu, mbona umenivua? Kesho basi la saa kumi, usije ukamkosa!"

Alikifunga kwenye ngumi. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Huyu wa kwenye kipuli nilikuwa namtukana kila siku," alisema mwishowe. "Akinitania, namrudishia. Nilimwambia ana meno ya panya. Hajibu, anarudi kwenye dawa zake. Nikasema kumbe huyu mtoto Kalunde siku hizi ananidharau, amekuwa mtu wa ofisini." Akajitwika tenga. "Siku arobaini na nne, unanichekea tu sokoni, kumbe hujui hata ninachoambiwa. Usinifuate."

Alikwenda peke yake. Alipumzika mara mbili kabla ya kona. Nilihesabu.

5

Jumanne kioo kilisema tisa. Jumanne hiyo hiyo jioni, kumi na mbili. Jumatano asubuhi, kumi na nne, na saa zake za kutembea zilikuwa sifuri.

Nilimwonyesha daktari. Alikaa, akaisogeza chai pembeni. Nilidhani atanifokea, na nilikuwa tayari. Badala yake akakiambia kioo kifunge mlango wa uongo kwa wagonjwa wote, sasa hivi. Kioo kikamwuliza kama ana uhakika. Akasema anao. Kikamwuliza tena. Akakipiga konzi.

Halafu akaandika kwa mkono wake, herufi kubwa, karatasi moja, akaiweka juu ya ripoti yote. Aliponiacha niisome ilikuwa inaanza hivi: "Chombo changu kiliwadanganya wagonjwa na mimi ndiye niliyeacha mlango wazi. Sukari ilishuka. Msisome mistari kabla hamjasoma hili."

"Watakataa," nilisema.

"Pengine." Alikuwa anacheka. "Ajabu, Kalunde. Nimelala vizuri usiku wa jana nilipoamua. Nilikuwa nimesahau usingizi ulivyo."

Alhamisi wakubwa walikuja wanne, na viatu vinavyong'aa. Walikuwa wamekaa, daktari amesimama mbele ya kioo, mimi namimina maji kwenye glasi, ndipo mlango ulipofunguliwa bila hodi. Bi Nkamba. Amevaa khanga ya kila siku, ana fimbo, mguu wa kushoto unauma, inaonekana. Jogoo wangu, ambaye nilikuwa sijamchinja, alimwona akawika kule uani.

"Samahanini, wazee wangu," aliwaambia wakubwa. "Nimekuja kuchukua watani zangu. Wamenikosea. Huyu aliazimisha sauti," akaninyooshea fimbo, "na huyu Mzaramo akaipa mdomo."

"Bi Nkamba," daktari alianza, "ni kweli, na mimi naomba..."

"Nyamaza, sijakupa zamu. Faini yangu si kuku. Nimelala siku mbili nikiifikiria. Mlinitembeza siku arobaini na nne kwa uongo. Sasa mtatembea na mimi kwa ukweli, mpaka kidonda kife. Mtaniambia kilichopo tu. Nikiwatukana, mtajibu, kwa midomo yenu. Na babu zangu walibeba mizigo kutoka hapa mpaka baharini kwenu kwa miguu. Sasa zamu ya pwani." Akalisukuma mbele tenga la michembe, kilo kama ishirini hivi. "Mzaramo abebe."

Mkubwa mmoja alikohoa. "Daktari, sisi tuna muda mpaka saa kumi na moja tu."

Nilimwona Daktari Mwantumu akivitazama viatu vinavyong'aa, akakitazama kioo chake, mistari ile mizuri. Kisha akavua koti jeupe akalikunja ngata, akaliweka kichwani.

"Waheshimiwa, someni ukurasa wa kwanza. Polepole. Ni saa tisa sasa, saa kumi na moja nitakuwa hapa kujibu." Akainama. "Kalunde, nitwike."

Nikamtwika. Shingo ikazama kidogo, ikasimama. Foleni ya nje ilipoona daktari wa sukari anatoka na tenga la viazi kichwani, ilipiga vigelegele vya arusi! Mzee Kasanda alisimama kwenye benchi. "Mtani wangu, lete na mimi nikupande!" Wawili watatu waliokuwa wamevua vipuli baada ya kusikia habari za bibi walikuwa wanauliza kwa sauti: na mimi watani zangu ni nani? Nani atatembea na mimi? Na Mzee Kasanda akawajibu kwamba yeye yuko tayari kutukanana na yeyote, bure, kuanzia kesho asubuhi, mradi njia isipande mlima. Daktari alisikia. Alisimama na tenga lake katikati ya geti, macho yamemtoka, nikajua kuna kitu kimeshika moto humo ndani.

"Punje itampa mtu namba," alisema haraka haraka, "na mtu ndiye atakayemwambia mtu. Mtu mwenye miguu! Kalunde, kwa nini hatukuanza hivyo?"

"Tembea," Bi Nkamba alisema. "Utaota ukifika."

Tulitembea. Sitadanganya, ilikuwa taabu. Bibi alikuwa anachechemea, daktari anatokwa jasho kama amenyeshewa, na mimi katikati napokea matusi ya kushoto na kulia na kuyarudisha. Bibi aliniambia nina meno ya panya. Nikamwambia afadhali ya panya, yake yameshahama, yamemwachia fizi zimlindie nyumba. Alisimama kabisa katikati ya njia, akaniangalia.

"Ehee," alisema. "Sasa huyu ndiye Kalunde."

Tulifika njia panda kabla ya saa kumi. Hakuna aliyesema tunangoja nini. Basi likaja kwa mbali, likaanza kupunguza mwendo, kama kawaida yake, na sote watatu tukasogea barabarani. Niliviangalia vioo vya madirisha kimoja kimoja. Bi Nkamba alikuwa amenishika kiwiko. Lilipokuwa mbele yetu lilikwenda polepole kiasi kwamba mtu angeweza kushuka.

Likaongeza, likaenda.

"Hayumo, bibi," nilisema.

"Nimeona." Alikiachia kiwiko changu. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, mara moja, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. "Haya, geuzeni. Wewe Mzaramo, shingo hiyo kwenu huwa mnaifanyia kazi gani, kuning'inizia shanga tu?"

Daktari akamjibu. Alichojibu sitakiandika, maana kituoni wananisoma, lakini Bi Nkamba alicheka mpaka akaegemea fimbo, halafu akaanza safari ya kurudi, na mpaka kwenye kona hakupumzika hata mara moja.